Mwanachuo Aliyeanzisha Debian, Kisha Akawaachia Wengine

Ukiuliza hapa chuoni nani aliyeanzisha Linux, jibu utalipata haraka: Linus Torvalds, yule Mfini. Hata wale wa fani wanalijua hilo. Lakini uliza nani aliyehangaika mpaka hiyo Linux ikaweza kukaa kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida, ikatunzwa mwaka hadi mwaka bila mtu kudai leseni, hapo watu wanaanza kuangaliana. Mtu huyo anaitwa Ian Murdock. Alipoianza kazi yake alikuwa mwanachuo kama sisi, miaka 20, hana kampuni, hana mtaji, shahada yenyewe bado hajaipata. Mwaka 2015 alifariki, na miaka zaidi ya kumi baadaye kazi yake bado inaendesha seva ambazo sisi tunazitumia kila siku bila kujua.

Mimi nasoma ualimu, sio kompyuta. Sikuvutwa na Murdock kwa sababu ya ufundi wake. Nilivutwa na jambo moja: alianzisha kitu, akakilea karibu miaka mitatu, akaondoka, na kitu hakikufa. Kwa sisi tunaokwenda kufundisha kwenye shule ambazo kila mradi unakufa siku mwenye mradi anapohamishwa, hilo ni jambo la kukaa chini na kulisoma.

Ian Ashley Murdock alizaliwa tarehe 28 Aprili 1973 katika mji wa Konstanz, iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Wazazi wake walikuwa Wamarekani wa jimbo la Indiana. Baba alikuwa huko Ujerumani kwa utafiti baada ya kumaliza udaktari wake wa falsafa. Familia ilirudi Marekani mwaka 1975, na kuanzia 1977 Ian alikulia Lafayette, Indiana, kwa sababu baba alikuwa ameajiriwa Chuo Kikuu cha Purdue kufundisha elimu ya wadudu.

Hapa naomba nichepuke kidogo, maana baba huyo anatuhusu. Ni Larry Murdock, mtafiti aliyeongoza kazi iliyozaa mifuko ya PICS. Kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Kameruni, kutafuta namna ya kumsaidia mkulima wa kunde ambaye nusu ya mavuno yake yaliishia tumboni mwa wadudu. Nyumbani kwetu Kinampanda, wilaya ya Iramba, mifuko hiyo tunaifahamu vizuri. Ni mifuko mitatu iliyoingizana: miwili ya plastiki ndani, mmoja wa kiroba nje. Ukiifunga sawasawa hewa haipiti. Wadudu waliobaki ndani wanaimaliza oksijeni iliyopo, wanaacha kula, wanaacha kuzaana, wanakufa. Hakuna dawa inayopulizwa. Mtu aliyewahi kufungua gunia la mahindi akakuta dumuzi, yule tunayemwita skania, ameacha unga mtupu, anaelewa thamani ya jambo hilo. Hiyo P ya mwanzo kwenye PICS ni Purdue, chuo kilekile alichosoma Ian.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja baba alishughulika na namna ya kufanya chakula kikae bila kuharibika, na mtoto akaja kushughulika na namna ya kufanya programu ikae bila kuharibika. Sijui kama wao wenyewe waliliona hivyo. Mimi nimeliona.

Kompyuta ya kwanza aliyoichezea Ian ilikuwa Apple II ya kazini kwa baba yake. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Alianza na michezo, kama mtoto yeyote, kisha akaanza kujifunza kuandika programu mwenyewe. Alimaliza sekondari mwaka 1991 akaingia Purdue. Mwanzoni alikuwa upande wa masomo ya biashara, kisha akahamia sayansi ya kompyuta. Pale chuoni alikutana na Unix, mfumo uliokuwa ukiendesha mashine kubwa za vyuo na makampuni. Aliupenda, ila shida ilikuwa ileile ya siku zote: ulikuwa ghali, na mwanafunzi hakuwa na namna ya kuwa nao chumbani kwake.

Mwanzoni mwa 1993 akasikia habari za Linux. Torvalds alikuwa ameitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na ukiiunganisha na programu za mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, unapata mfumo unaofanana na Unix kwenye kompyuta ya kawaida, bila malipo. Ila kuipata haikuwa kazi ya kubofya tu. Ilibidi uwe na intaneti ya chuo, upakue mafaili, uyanakili kwenye rundo la diski za flopi, kila moja ya MB 1.44, urudi nazo chumbani uanze kuziingiza moja baada ya nyingine. Diski moja ikiharibika katikati, unarudi maabara. Sisi tunaolalamikia bando tungekata tamaa mapema sana.

Sasa, Linux yenyewe ni kiini tu. Ni ile sehemu inayoongea na prosesa, diski na kumbukumbu. Ili mtu aandike barua au achape waraka, anahitaji mamia ya programu nyingine zilizoandikwa na watu tofauti, na zote zikubaliane. Mkusanyiko kama huo ndio watu wanauita distro. Mwaka 1993 distro iliyovuma iliitwa SLS, na Murdock aliitumia. Ilikuwa na makosa mengi. Programu moja iligombana na nyingine, makosa yaliyoripotiwa hayakurekebishwa, na palikuwa na watu waliozichukua distro za namna hiyo, wakaziweka kwenye diski na kuziuza kana kwamba kila kitu ni shwari.

Kwanza aliwaza kuirekebisha SLS. Baadaye akaona heri aanze upya. Tarehe 16 Agosti 1993 akatangaza kwenye intaneti kwamba anatengeneza distro mpya, akaipa jina la Debian. Jina lilitokana na Debra, mchumba wake wa wakati huo ambaye baadaye alimwoa, likaunganishwa na Ian. Ndiyo, jina la mfumo unaoendesha seva za dunia ni la wapenzi wawili wa chuo. Wengine wanaandika majina yao kwenye miembe ya kampasi.

Alitoa pia Ilani ya Debian, andiko ambalo kwa maoni yangu kila mwalimu angelisoma. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ni kwamba kutengeneza distro si kazi yenye sifa. Ni kazi ya kuchosha, inaendelea kila siku, na haina makofi. Mtu akiifanya peke yake, siku akichoka kila kitu kinaoza. Dawa aliyopendekeza ni kuifanya kazi hiyo hadharani, kwa namna ileile Linux yenyewe ilivyotengenezwa: wengi wanachangia, wengi wanakagua, hakuna anayeficha, na kazi inatunzwa kwa uangalifu badala ya kukimbilia mauzo.

Kwa lugha ya chuo, wazo hili tunalifahamu kupitia madesa. Kila kozi ina desa lake linalopita mkono kwa mkono, mwaka hadi mwaka. Yapo madesa mazuri mpaka leo, kwa sababu kila darasa lililopita lilisahihisha, likaongeza mfano, likafuta kilichopitwa na wakati. Na yapo ambayo yana kosa lilelile tangu enzi za kaka zetu, kila mtu analiona, kila mtu anahisi si kazi yake kulirekebisha, na kila mwaka watu wanafeli swali hilohilo. SLS ilikuwa desa la namna ya pili. Murdock alitaka la namna ya kwanza, tena lenye utaratibu wa nani anasahihisha ukurasa gani.

Utaratibu huo ndio kiini cha kazi yake. Debian iligawanywa katika vifurushi. Hapa simaanishi vifurushi vya intaneti. Ni mafaili ya programu moja yaliyofungwa pamoja, yakabandikwa maelezo: jina, toleo, na orodha ya vifurushi vingine vinavyohitajika ili hicho kifanye kazi. Murdock alianzisha programu ya kusoma maelezo hayo, dpkg, ambayo wenzake waliiandika upya na kuiboresha. Ukitaka kuondoa programu, inajua mafaili gani ni ya nani. Ukitaka kuongeza, inakwambia kinachopungua. Mwaka 1999, yeye akiwa hayupo tena, Debian ilitoka na apt, ambayo inakwenda kukiletea kifurushi pamoja na vyote kinavyovitegemea. Leo mtu anaandika amri ya maneno matatu na programu inaingia, ila msingi wake ni ile kazi ya 1994.

La pili, na kubwa zaidi, ni kwamba kila kifurushi kilipewa mlezi. Mtu mmoja anajulikana kwa jina: huyu ndiye anayetunza programu hii, ikiwa na kosa mwandikie yeye. Mwalimu wa zamu, kwa maneno mengine, ila zamu yake ni ya kifurushi kimoja na anaifahamu vizuri. Kufikia mwaka 1995 walezi walikuwa wamefika kiasi cha sitini, wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Mambo hayakwenda yote kwa ulaini. Kwa mwaka mmoja, kuanzia Novemba 1994, taasisi ya Stallman, Free Software Foundation, iliudhamini mradi, kisha udhamini ukaisha. Mwishoni mwa 1995 kampuni moja ya kuuza diski za CD ilichukua toleo ambalo bado lilikuwa linatengenezwa, ikalibandika namba 1.0 na kulisambaza. Halikuwa tayari. Walezi wa Debian wakaamua kuachana na namba hiyo kabisa ili mtu asichanganye, ndiyo maana toleo rasmi la kwanza la namna hiyo, la Juni 1996, ni 1.1. Debian 1.0 haikuwahi kutoka. Kwangu hilo linaonyesha tabia ya mradi: bora tupoteze namba kuliko kumpa mtu kitu kibovu chenye jina letu.

Lilipotoka toleo hilo la 1.1, likiwa na vifurushi 474, Murdock hakuwa kiongozi tena. Machi 1996 alimkabidhi Bruce Perens uongozi. Alikuwa anamaliza shahada mwaka huohuo, ana familia. Hakung'ang'ania. Na hapo ndipo maisha yake yananivutia zaidi, kwa sababu kuna jambo nimeliona kwa macho yangu.

Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilipangiwa shule moja ya sekondari huko kwetu Kinampanda, wiki nane. Kulikuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine chache za zamani, zimejaa virusi vya flashi, na intaneti ni ya simu ya mwalimu. Kinampanda ni mahali pa walimu, kuna chuo cha ualimu cha siku nyingi pale, hivyo hamu ya kufundisha haikukosekana. Kilichokosekana ni vitu vya kusoma. Nilikuwa na kompyuta mpakato ya zamani, kioo chake kimepasuka, RAM ya GB 4, diski ya GB 500. Kwa kazi ya kawaida ilikuwa haitamaniki. Niliiwekea Debian bila mandhari ya madirisha, maana seva haihitaji kioo. Juu yake nikaweka Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili, mitihani ya taifa iliyopita, na maandalio ya masomo ya walimu waliokubali kuchangia. Rauta ndogo isiyo na intaneti ikatangaza mtandao wa ndani ya shule. Mwanafunzi anafungua kivinjari kwenye mashine ya maabara, anasoma. Bando sifuri.

Waliowahi kujaribu wanajua kwamba kuweka ni kazi ya siku moja, kutunza ndiyo kazi. Kompyuta mpakato ina faida moja kwenye kijiji chenye umeme wa kukatika: betri yake inaivusha kwenye dakika za giza, ila rauta lazima uitafutie pawabenki. Ukifunga kifuniko inalala, kwa hiyo lazima uiamuru isilale. Kila Jumamosi nilikuwa nawasha intaneti ya simu na kuandika apt update, kisha apt upgrade, kuleta marekebisho ya usalama. Vilevile kuangalia nafasi ya diski kwa df -h, maana diski ikijaa huduma zinakufa moja moja bila kelele. Kupuliza vumbi kwenye feni. Vumbi la Iramba wakati wa kiangazi si la mchezo. Na kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, kwa sababu diski yoyote itakufa, swali ni lini.

Wiki ya tano mwalimu wa fizikia, mtu mzima aliyefundisha pale kabla sijazaliwa, alinitazama nikipuliza vumbi akaniuliza kwa upole: mwanangu, ukishaondoka nani atailea hii? Aliniambia pale pameshapita miradi kadhaa. Inakuja na picha na hotuba, mwenye nao akipanda basi la Singida, ndiyo mwisho.

Nilikuwa nimeanza kusoma habari za Murdock wakati huo, na jibu nililipata kwake. Nilinunua daftari la kaunta. Kila linalofanyika kwenye seva likaandikwa humo, tarehe, amri, na sababu. Kisha seva ikagawanywa kama vifurushi. Mitihani iliyopita ikapata mlezi, msichana wa kidato cha tatu. Wikipedia ikapata wake. Kunakili kwenye diski ya nje ikawa kazi ya wavulana wawili wanaopokezana. Nywila kuu ikabaki kwa mwalimu wa fizikia, imeandikwa kwenye bahasha iliyofungwa. Wiki tatu za mwisho sikugusa kibodi. Nilikaa nyuma na kuangalia, na nakiri ilikuwa ngumu kuliko kufundisha.

Likizo iliyofuata nilipita pale. Seva inawaka. Kulikuwa na mitihani ya mkoa ambayo mimi sikuiweka. Mafaili yalikuwa yamepangwa kwa mada badala ya mwaka, namna ambayo mimi nisingepanga. Mwanzoni ilinikera kidogo, kisha nikaelewa kwamba hiyo ndiyo dalili nzuri. Kitu kikibaki kama ulivyokiacha, maana yake hakuna aliyekichukua.

Debian nayo haikubaki kama Murdock alivyoiacha. Julai 1997, chini ya Perens, mradi ulipitisha Mkataba wa Kijamii, ahadi kwa watumiaji kwamba Debian itabaki huria na haitaficha matatizo yake. Matoleo yalianza kupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story: Buzz, Rex, Bo, mpaka Bookworm la mwaka 2023 lenye vifurushi zaidi ya 64,000. Kutoka 474 mpaka 64,000, hakuna mtu mmoja ambaye angeweza. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye miaka ya 1990 alikuwa mmoja wa walezi wa Debian, alitumia msingi huo kutoa Ubuntu mwezi Oktoba 2004. Jina lenyewe halihitaji tafsiri kwetu, ni utu tu wa lugha ya jirani. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na hilo liliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria: hukuhitaji kumpigia mtu magoti ili uitafsiri. Hata zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi ambazo wenzetu wa uhandisi wanazipenda, mfumo wake umetoka kwenye Debian.

Murdock mwenyewe aliendelea na safari yake. Alianzisha kampuni ya Progeny huko Indianapolis, iliyojaribu kufanya biashara juu ya Debian. Ilifungwa mwaka 2007. Alifanya kazi ya kuzipatanisha distro mbalimbali ili programu iliyoandikwa kwa moja iende kwenye nyingine. Mwaka 2007 alijiunga na Sun Microsystems kuongoza mradi wa kuifanya Solaris iwe rahisi kama Linux, ukazaa OpenSolaris. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, aliondoka. Alirudi Indiana kwenye kampuni ya ExactTarget, na mwishoni mwa 2015 akaingia Docker, San Francisco. Ukiangalia vizuri, si kila alichoshika kilifanikiwa. Progeny ilikufa, OpenSolaris ilikufa. Kilichodumu ni kile alichokitoa bure akiwa na miaka 20.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Siku za mwisho za Desemba 2015 aliandika mtandaoni maneno ya uchungu mkubwa baada ya kukamatwa na polisi, na tarehe 28 alifariki akiwa na miaka 42. Uchunguzi rasmi ulihitimisha kwamba alijitoa uhai. Sitaki kulipamba jambo hili wala kulitolea mafundisho mepesi. Nitasema tu kwamba mtu aliyewaunganisha maelfu ya watu wasiojuana anaweza kuwa peke yake chumbani. Hapa kampasi tunao wenzetu wanaonyamaza ghafla, wanaacha kuja darasani, wanaaga kwa maneno yasiyoeleweka. Usimwache mwenzako wa namna hiyo eti atakaa sawa. Mfuate, kaa naye, mpeleke ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na usiondoke mpaka kuna mtu mwingine aliyemshika mkono.

Julai 2016 walezi wa Debian walifanya mkutano wao wa mwaka Cape Town, mara ya kwanza kwenye bara letu. Juni 2017 toleo la tisa, Stretch, lilipotoka, walilitoa kwa kumbukumbu yake.

Kuna watu watasema haya ni ya wenye muda. Wana hoja. Mhadhiri anataka kazi kwenye Word na ukiipeleka kutoka LibreOffice majedwali yanaweza kuhama. Programu kama SPSS inawatesa wengi. Zamani hata kadi za Wi-Fi zilisumbua, maana Debian haikuweka programu zisizo huria kwenye kisakinishi chake. Tangu Bookworm ya 2023 zimo. Kama kompyuta yako ni ya biti 32, ujue Bookworm ndilo toleo la mwisho lenye kisakinishi chake. Simwambii mtu afute kila kitu usiku wa kuamkia mtihani.

Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza masasisho ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za mitumba tulizonunua kwa hela ya bumu haziwezi kupanda kwenda 11. Njia tuliyoizoea ni kumpelekea fundi wa stesheneri atupigie Windows iliyovunjwa leseni, yenye mlango wa nyuma ambao hakuna anayejua umefunguliwa na nani. Njia nyingine ni flashi moja yenye Debian, ambayo unaweza kuijaribu bila hata kuisakinisha. Ukiipenda, iweke. Ukiiweka, itunze, na marekebisho ya usalama usiyapuuze.

Zaidi ya hapo, sisi tunaokwenda TP msimu ujao tusiende na miradi yenye jina letu. Twende na daftari la kaunta. Kabla hujawasha mashine ya kwanza, tafuta mtu atakayebaki, mwandike jina lake ukurasa wa kwanza, na anza kumfundisha siku hiyohiyo. Wiki nane zinakwisha haraka.